Wino Hutoka kwa Mafuta

Bendeji ilikuwa kwa jicho la kushoto.

Mimi nilikuwa nashuka kwa lori na wagonjwa wa Miasenyi, vumbi mpaka kwa meno, na mama yangu alikuwa anatolewa kwenye lile darasa tulilokuwa tumeligeuza thieta ya upasuaji, nesi amemshika mkono. Nilimwona nikiwa bado na mguu mmoja hewani. Mama yangu alikuwa haoni kwa jicho la kulia. La kushoto ndilo lililokuwa linamtafutia kuni, linamhesabia kuku, linamsukia vikapu vyake. Na hilo ndilo lilikuwa limefunikwa kwa pamba nyeupe na plasta, safi kabisa, kazi nzuri.

Akanisikia nikikohoa. "Nyambu," akaita, "nimemaliza, mwanangu. Hata sikusikia uchungu. Hawa watu wana mikono miepesi."

Nikamwuliza nesi huyu amefanyiwa jicho gani. Akaitazama bendeji, akanitazama mimi kama mtu aliyeuliza maziwa yana rangi gani, akasema la kushoto. Nikarudi kwa mama. Nikamwambia aangalie mkono wangu, ni vidole vingapi. Akacheka. Akasema, wewe nawe, kwani huoni nimefungwa? Hapo akaacha kucheka pole pole. Akageuza kichwa huku, akageuza kule, akaniuliza mbona pamekuwa giza pote.

Sasa tuelewane kabla sijaendelea. Nimeonyeshwa tangazo kwenye simu ya binti yangu. Misheni inatafuta vijana wa kujitolea, kambi ya macho inarudi Mbololo, shule ile ile. Mtapewa tisheti, beji yenye kamba, na chakula cha mchana. Siwakatazi kwenda. Mimi nimeifanya hiyo kazi zaidi ya miaka ishirini, na nimeona mtu aliyeingia akiongozwa kwa fimbo akitoka kesho yake akimtukana mke wake kwamba amezeeka. Ni kazi nzuri. Ndiyo maana inaniuma. Kama ingekuwa kazi ya kijinga ningeiacha ife na ujinga wake.

Kwa hivyo nisikilizeni. Sina cheti. Shule niliiachia darasa la tano, nikaenda kukata mkonge huku chini karibu na Voi. Mkonge una mwiba kwenye ncha, mweusi, mgumu kama msumari, na kazi ya mkataji ni kuinama. Siku moja niliinama kabla ya kuangalia. Jicho langu la kulia liliishia hapo. Kwa hivyo mkinikuta njiani mkanisalimia kutoka upande wa kulia nikapita, msiseme mzee ana kiburi. Mje upande wa pili.

Niliyemkuta misheni siku hiyo ni Sista Marieta, nesi mkuu, mama wa Kikamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alinisafisha, akaniambia ukweli kwamba jicho limekwenda, akakaa na mimi nikalia. Halafu akasema, "Wewe kijana wa mkonge, ukimaliza kulia kuna sufuria la kuchemshia vyombo, halijiwashi lenyewe." Nikawasha. Sikurudi kwa mkonge tena. Nikawa mtu wa moto, halafu mtu wa maji, halafu mtu wa kupanga benchi, halafu mtu wa alama. Kwa kazi ya alama ndiyo mnaniona leo nimekasirika.

Alama ni hivi. Kwenye kambi ya macho kuna benchi mbili. Benchi ya kwanza wanapimwa na tochi na ile karatasi ya herufi. Daktari anasema huyu ana mtoto wa jicho, jicho la kulia, aingie thieta. Anaandika kwa kadi. Lakini kadi zinaanguka, zinabadilishana, mbuzi alikula moja kule Bomeni, nilimwona. Kwa hivyo lazima uweke alama kwa mtu mwenyewe, juu ya nyusi, upande wa jicho linalofanyiwa. Mtu huwezi kumpoteza kama kadi.

Zamani tulitumia plasta. Sasa plasta na watu wetu, mtaijua. Mzungu anaona plasta ni takataka, mtu wetu anaona ni mali. Nyanya mmoja nilimbandika juu ya nyusi ya kulia, nikageuka kuchukua kikombe, kurudi nyusi iko wazi, plasta iko kwa kidole cha mguu alichojikwaa asubuhi. Akaniambia kidole ndicho kilikuwa kinauma, jicho halimwumi. Alikuwa na haki. Halafu kuna akina mama wawili wa Bomeni, marafiki, wamekuja pamoja kwa miguu. Mmoja akachaguliwa, mwingine akaambiwa macho yake ni mazima aende nyumbani. Yule aliyechaguliwa akaona hiyo si tabia. Akabandua plasta, akaikata katikati kwa meno, nusu akambandika mwenzake, wakaingia kwa foleni wameshikana mikono. Kidogo tu mwenye macho mazima alazwe kwa meza. Sista Marieta alipowauliza, walijibu kwamba walitoka nyumbani wawili.

Hapo ndipo mimi nikaleta wino. Ni akili yangu, sitaificha, na hata wao hawakuificha walipotaka mtu wa kulaumu. Wino wa kalamu ya biki ulitoka kwa jasho. Nikachukua maka, ile nene nyeusi ya kuandikia magunia ya mahindi, nikawa nachora mshale juu ya nyusi, unaelekea chini kwa jicho. Hautoki kwa jasho, hautoki kwa maji, sabuni inausugua mpaka ngozi iwe nyekundu na mshale unakutazama tu. Watu walienda kanisani Jumapili na mishale yao, wakachekwa, wakanilaani.

Dawa yake niliipata jikoni. Nilikuwa nakanda chapati za wageni na vidole vyangu vyeusi kwa wino, na nilipotia mafuta kwa unga nikaona vidole vinakuwa safi na chapati inakuwa ya kijivu. Chapati niliila mwenyewe. Tangu hapo nilitembea na chupa ndogo ya mafuta ya kupikia na pamba, mgonjwa akimaliza kila kitu namfuta, mara moja tu, kwisha. Kila mtu misheni alijua hiyo chupa. Mchungaji Elifasi, ambaye nitamfikia, aliniomba mara ngapi afute wino kwa mfuko wa shati lake. Crispin, bosi wetu wa baadaye, aliniomba. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Lakini kuchora si kuchora tu. Sista Marieta alinipiga kofi la mgongo siku ya kwanza, kwa sababu nilisimama mbele ya mgonjwa. Ukisimama mbele ya mtu, kulia kwake ni kushoto kwako. Kila mtu anajua hivyo akiwa amekaa nyumbani. Ukiwa na watu hamsini kwa foleni na jua la Voi kwa kisogo, hujui tena. Akanizungusha kwa bega akasema, "Simama nyuma yake. Mshike bega la upande unaotaka. Mkono wako wa kulia, bega lake la kulia, jicho lake la kulia. Usifikiri, shika." Nimeshika mabega hayo miaka yote. Mkienda huko na beji zenu, mkasahau mengine yote, hili mlishike.

La pili alilonifundisha ni kuhusu neno ee. Wazee wetu hawakatai mgeni. Ukimwuliza mzee wa mlimani kitu kwa Kiswahili cha haraka, na umevaa koti jeupe, atakujibu ee. Hajaelewa, au ameelewa na haoni vizuri kukuaibisha. Kulikuwa na msichana mgeni, mkarimu sana, alikuwa anajaza fomu kwa kusoma maswali yote bila kuruka. Alimwuliza mzee wa Mbololo mwenye ndevu mpaka hapa kama ni mjamzito. Mzee akasema ee. Akaandikiwa. Tulicheka mwaka mzima, na Sista Marieta akacheka pia, halafu akatukalisha. Akasema, "Mmecheka vizuri. Sasa fikirini huyo angeulizwa, tukukate mguu huu?" Sheria yake ikawa hii: mzee usimwulize swali la kujibiwa ee. Mwambie akuonyeshe. Mwambie, baba, nionyeshe kwa kidole jicho lisiloona. Kidole hakina adabu, kinaonyesha tu.

Sista Marieta alistaafu, akarudi kwao, na sasa ni marehemu. Akaja Crispin.

Crispin ni mratibu. Amesoma, Kiingereza chake kinatiririka, na sisemi ni mtu mbaya wa moyo. Ni mtu wa picha. Alipokuja, foleni ikageuzwa ielekee mwanga mzuri, benchi zikapakwa rangi, na sisi wa moto na maji tukaambiwa tusipite mbele ya kamera. Akaja pia Mchungaji Elifasi, ambaye ana kanisa lake Voi na anapenda kipaza sauti. Mimi ni Mkristo. Nimebatizwa, nimeoa kanisani, naomba kabla ya kula. Siku zote kambi yetu ilianza na maombi, wote pamoja, asubuhi, halafu watu wakanawa uso, halafu nikachora. Hakuna aliyelalamika, si Mungu, si daktari.

Mchungaji Elifasi akaona hiyo haitoshi. Wageni wanaotuma madaktari walikuwa wanakuja kutembelea, na ilifaa waone imani ya watu. Kwa hivyo kila mgonjwa apakwe mafuta, mmoja mmoja, kwa paji la uso, hapo hapo kwenye benchi ya mwisho, dakika za mwisho kabla ya thieta. Yaani baada ya mimi kuchora.

Nilimwendea. Sikuwa na ubishi. Nikamwambia Mchungaji, unajua huo wino, umeufuta mwenyewe kwa shati. Paka watu mafuta kabla sijachora, au wapake mikononi, Mungu si ataona mikono pia. Crispin alikuwa hapo anasikia.

Mchungaji akaniwekea mkono begani, akatabasamu. "Nyambu, mafuta ya Bwana hayapangiwi foleni."

Na Crispin akasema mshale ukitoka si utachorwa tena, kwani ni hati ya shamba?

Wakacheka wote wawili. Kwa kambi mbili zilizofuata nilikuwa nasimama pale mwisho wa benchi kama mlinzi. Mchungaji anapaka, mimi nyuma yake na kadi mkononi, nashika bega, nachora tena. Akipaka mwingine, nachora tena. Watu walidhani ni sehemu ya ibada. Bibi mmoja alinijibu amina.

Basi mama.

Mama yangu alikataa kuja miaka yote. Mtoto wake anafanya kazi kwa macho ya watu, na yeye jicho la kulia limekuwa jeupe kama yai la kuchemsha, na anakataa. Alisema lile moja linamtosha, Mungu ametoa mawili ili moja liwe akiba. Nilimbembeleza mimi. Nilimwambia mama, mimi nina moja, najua likoje. Ukiingiwa na kitu kwa hilo moja, wewe ni kipofu mpaka kitoke. Nilimwambia nitakuwepo hapo hapo. Akavaa leso yake mpya akaja.

Nilimchora mwenyewe asubuhi, nikiwa nyuma yake, mkono wa kulia bega la kulia. Akasema namtekenya. Akawaambia walio kwenye benchi kwamba zamani alikuwa ananiosha uso kwa nguvu na leo nalipiza.

Halafu Crispin akaja na simu mkononi. Gari lililokuwa linaleta wagonjwa wa Miasenyi limekufa kando ya barabara, wazee wamekaa kwa jua, niende na lori. Nikamwambia mratibu, nani atakaa na benchi ya mwisho? Akasema yupo yeye. Nikamwambia mafuta. Akasema, "Nyambu, hii kambi ilikuwepo kabla yako na itakuwepo baada yako. Panda lori."

Nikapanda. Sikilizeni hapo vizuri, kwa sababu mimi nataja watu na lazima nijitaje pia. Nilijua, na nikapanda. Wangenifukuza hapo, ningekuwa nimefukuzwa nikiwa na mama mwenye jicho. Na baadaye nilifukuzwa hata hivyo.

Yaliyofuata nimeambiwa na waliokaa kwenye hiyo benchi, na wote wanasimulia sawasawa. Walikuwa tisa. Mchungaji alipaka, na siku hiyo kulikuwa na wageni kwa hivyo alipaka kwa wingi, mafuta yakashuka mpaka kwa nyusi. Mishale ikawa masizi. Crispin akachukua maka na ile orodha yake ya karatasi, si kadi, kadi zilikuwa zimebaki kwa meza chumba cha pili zisiharibu picha. Akaanza kuchora. Akasimama mbele yao. Mbele, kwa sababu kamera ilikuwa nyuma ya mgonjwa na ilitaka sura ya mratibu.

Mzee wa tatu kwenye benchi akamshika mkono. "Kijana, hilo ni zima. Bovu ni hili." Watu wakacheka, Crispin akacheka, akafuta, akachora upande wa pili. Mama mwingine akasema vile vile kuhusu lake. Wakacheka tena. Watu wawili kati ya tisa wanakuambia umekosea, na unacheka. Hukurudi kwa wale wengine saba. Hukutuma mtu alete kadi. Kama ni mpishi ameonja vijiko viwili vina sumu, atasema sufuria lililobaki ni zuri?

Wengine walipona kwa bahati, maana macho yao yote mawili yalikuwa mabovu au daktari aliona wazi. Mama yangu alichorwa la kushoto. Ndani, daktari mpasuaji wa wageni, Daktari Klaus, akamwuliza kupitia kwa mkalimani, ni hili? Mama akasema ee.

Daktari Klaus ni fundi. Nimemwona akifanya vitu kwa ile mikono ambavyo sitavisahau. Lakini alikuwa na hesabu yake ya macho ya siku hiyo na wageni dirishani. Alipofungua akakuta kweli kuna mtoto wa jicho, mchanga, ndiyo kwanza anaanza, akaendelea. Aliniambia hivyo mwenyewe, kwamba kulikuwa na mtoto wa jicho. Nikamwambia daktari, ukitumwa kumfunga mwizi ukamkuta jirani yake aliyewahi kuiba embe, utamfunga huyo? Mkalimani hakulitafsiri hilo.

Na huenda hata hapo tungepona. Jicho lingepoa, angeona kwa hilo hilo. Lakini siku ya tatu likawa jekundu, siku ya nne likatoa usaha. Nilimpeleka hospitali kubwa. Wakajaribu, sina neno na wao, wakasema limeoza ndani. Usaha unaweza kuingia kwa mgonjwa yeyote, najua, nimechemsha vyombo ujana wangu wote. Lakini ungeingia kwa jicho ambalo tayari lilikuwa halioni. Ndiyo maana tunachora mshale, vijana. Mshale si urembo. Mshale unasema, mkikosea, mkosee hapa.

Wiki mbili baadaye nikaitwa ofisini. Crispin, Mchungaji Elifasi, chai, mandazi. Mchungaji akaomba kwa muda mrefu. Crispin akanipa karatasi ya Kiingereza, akasema ni taarifa tu ya kuonyesha kikao kimefanyika, niweke sahihi. Nikaweka. Ndiyo, mimi, niliyewaambia wazee miaka yote wasiseme ee kwa wasichokielewa. Binti yangu aliponisomea nyumbani alisoma mara mbili, kisha akanitafsiria. Inasema alama iliwekwa na mfanyakazi asiye na mafunzo, kwa wino ambao hakuidhinishwa kuutumia, na kwamba amekubali. Amekubali ni mimi. Halafu kuna mstari wa kunishukuru kwa utumishi wangu na kunitakia mapumziko mema. Ndivyo nilivyostaafu, nikiwa bado naweza kubeba gunia.

Neno mafuta halimo kwenye hiyo karatasi. Nimemwambia binti yangu atafute, ametafuta juu mpaka chini.

Mama naye alipelekewa zawadi. Mchungaji Elifasi alimtuma mtu na unga, sukari, na redio ndogo ya kutumia jua inayosoma Biblia yenyewe, maana hawezi kusoma tena. Mama yangu hakuwahi kusoma. Alikuwa anasuka. Na huyo mtu, akiwa hapo hapo anaonyesha redio inawashwa vipi, akamwambia mama asiwe na uchungu na misheni, ni mkono wa mwanao ulioteleza.

Nilirudi nikamkuta amekaa na redio mapajani, imezimwa. Akaniambia aliyoambiwa. Nikaanza kueleza, mafuta, lori, Crispin amesimama mbele. Akainua mkono.

"Wao wanasema ni mkono wako," akasema. "Mimi najua ni mdomo wangu. Yule daktari aliniuliza. Nilisema ee."

Nikamwambia si wewe, mama. Akasema na wewe unasema hivyo kwa sababu ni mwanangu.

Sasa sikieni kinachonifanya niwaambie haya, maana kulalamika ningelalamika nyumbani. Jicho la kulia, lile jeupe, bado lipo. Hospitali kubwa wamelipima wakasema ni mtoto wa jicho tu, ameiva, nyuma yake jicho ni zima. Linaweza kufanyiwa. Mama yangu anaweza kuona tena, aone hata kuku wake wanavyoibiwa. Na anakataa. Nimeomba, binti yangu ameomba, majirani wameomba. Jibu lake ni moja. Anasema, "Wakiniuliza tena nitasema ee tena. Sijui kumkatalia mtu wa koti jeupe. Lililoharibika niliharibu mimi kwa mdomo wangu, hili lililobaki nitalinyamazia."

Hatakwenda kwa neno langu, kwa sababu mimi ni mwanawe na nimeshalaumiwa. Hatakwenda peke yake, kwa sababu anaamini ni mdomo wake. Na wale watatu, daktari, mchungaji na mratibu, wanaojua haukuwa mkono wangu wala mdomo wake wako Voi, wanachapisha tisheti.

Kwa hivyo nyinyi vijana, nendeni. Chukueni beji. Simameni nyuma ya mgonjwa, mshike bega. Mwambie mzee aonyeshe kwa kidole. Kadi ikae na mtu wake. Ukimwona mtu anapaka mafuta juu ya mshale, mshike mkono hata kama ana kipaza sauti, na ukiambiwa panda lori usipande. Na asubuhi ya kwanza mkikusanywa kwa maombi, mmoja wenu ainue mkono aulize, nyanya wa pale juu aliyepoteza jicho kwa kambi iliyopita, nani amekwenda kumwambia ukweli? Msikubali mjibiwe kwa wimbo.

Na nyinyi watatu. Daktari Klaus, njoo umwambie kwamba kazi ya kusoma kadi ilikuwa yako, si yake. Mchungaji Elifasi, ile chupa yangu uliijua, njoo umwambie ulijua. Nyumba ni ile ile, kutoka shuleni mnapanda kidogo tu, hata wageni wenu wataweza. Kamera muache chini.

Na wewe Crispin. Siku ile ulipokuwa na maka mkononi ulisimama mbele ya mama yangu ukamtazama usoni. Njoo usimame hapo hapo tena, umwambie ni nani aliyechora. Yeye hatakuona. Lakini atakusikia, na ukimaliza, mimi nitamwuliza kama sasa yuko tayari kwenda, na safari hii akisema ee tutajua amesema kweli.